Nyanya Hajasahau, Hajaulizwa Vyema: Funzo la Kumbukumbu Kutoka Mfangano

Ukivuka kwa mashua kutoka Mbita hadi kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Viktoria upande wa kaunti ya Homa Bay, wenyeji watakuelekeza kwenye majabali mawili ambayo wageni huja kuyatazama: Mawanga na Kwitone. Kwenye mawe hayo kumechorwa duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wasuba, ambao ndio wenyeji wa kisiwa, husema si wazee wao waliochora. Waliikuta michoro ipo, na huinasibisha na Watwa, wawindaji wa zamani waliotangulia kuishi pale. Kwa desturi mahali hapo palihusishwa na kuomba mvua. Lakini duara lile hasa lamaanisha nini, na kwa nini hili jekundu na lile jeupe, hapana aliyebaki wa kutuambia kwa yakini.

Rangi ipo, imestahimili jua na mvua. Kilichopotea ni ufunguo wa kuisoma. Nawaomba wasomaji mulishike jambo hilo, kwa sababu ndilo litakalotusaidia kuelewa kinachotokea ndani ya kichwa cha mtu anapoambiwa amesahau.

Huku kwetu mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Nyanya ashasahau yote hayo, musimsumbue"? Mjukuu amekuja na simu yake kurekodi majina ya miti ya dawa, au ya mishono ya kofia, au ya kamba za jahazi. Auliza maswali kumi. Nyanya ajibu mawili, yaliyobaki anyamaze. Mjukuu aondoka akiwa na hakika kwamba hazina imekwisha. Mimi nasema mara nyingi haijaisha. Wataalamu wa ubongo wana zaidi ya miaka mia moja wakitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kuhifadhi, na kutoa kilichohifadhiwa. Kitu chaweza kuwamo ndani na kisitoke. Na Mfangano nimeichagua kwa sababu kule suala hili si la nyanya mmoja, ni la lugha nzima.

Wasuba ni Wabantu. Simulizi zao zasema wazee wao walitoka upande wa Uganda katika karne ya 18, wakivuka ziwa kwa mitumbwi kukimbia misukosuko ya ufalme wa Buganda, wakatua Rusinga, Mfangano na bara ya karibu. Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 na kuzikwa Rusinga, alitoka katika jamii hiyo, ingawa Wakenya wengi humtaja kama Mluo tu. Kosa hilo lina sababu yake. Wasuba walioana na Waluo, walifanya biashara nao, na akina mama wa Kiluo waliolewa visiwani wakalea watoto kwa lugha yao. Kisha zikaja dini na shule. Waadventista walifungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na katika mwambao ule lugha ya ibada na ya vitabu ikawa Dholuo. Mtoto wa Kisuba akawa asali kwa Dholuo, asoma kwa Dholuo, auza samaki kwa Dholuo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasuba zaidi ya 150,000, lakini wanaozungumza Kisuba chenyewe ni wachache mno kuliko hao, wengi wao ni wazee, na Mfangano ndiko lugha iliko na nguvu zaidi. UNESCO imeitia katika orodha ya lugha zilizo hatarini.

Sasa tuseme mzee wa Mfangano ameulizwa jina la mti fulani kwa Kisuba. Anyamaza, kisha atoa jina la Dholuo. Mwenye daftari aandika: hakumbuki. Je, neno limefutika, au lipo na njia imeziba? Hatuwezi kujua bila kwanza kuingia ndani ya kichwa.

Jambo la kwanza la kuondoa akilini ni ile picha ya kabati. Ubongo hauna rafu moja yenye mafaili. Chukua kumbukumbu yako ya harusi moja uliyohudhuria utotoni. Harufu ya pilau imeshikwa sehemu moja ya ubongo, sauti ya taarabu sehemu nyingine, nyuso za watu nyingine, na ile hofu uliyoipata ulipopotezana na mamako ikashikwa kwengine kabisa. Kinachozifunga pamoja vipande hivyo ni kiungo kidogo kilichojificha ndani ya ubongo, kimoja kila upande, kwenye usawa wa masikio. Mpasuaji mmoja wa Kiitalia wa karne ya 16 alikiona kimejikunja kama farasi wa bahari, yule samaki mdogo ambaye wavuvi wetu humkuta kwenye majani ya bahari, akakipa jina lake kwa Kigiriki: hipokampasi. Kazi yake ni kama ya mwenye kushona mkeka. Ukili si wake, amesukiwa na wengine, lakini bila yeye hakuna mkeka.

Tulijuaje? Kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji kwa sababu ya kifafa kilichomshinda kila dawa. Daktari William Scoville alimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Ungezungumza naye vizuri, ungetoka chumbani, na ukirudi baada ya dakika chache angekusalimu kama hajawahi kukuona. Mtaalamu wa saikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, ilimbidi ajitambulishe upya kila mara. Henry alifariki mwaka 2008, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuishi hivyo.

Lakini tazama alichobaki nacho. Lugha yake ilikuwapo, na mengi ya utotoni alikuwa nayo. Ikaonekana kwamba kumbukumbu za zamani, baada ya muda mrefu, huweza kusimama bila kutegemea sana kile kiungo kilichozifunga mwanzo. Kisha Milner akamfanyia jaribio moja dogo. Alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota kwa kalamu huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu kwa mtu yeyote. Siku baada ya siku mkono wa Henry ukawa hodari zaidi, na kila siku yeye mwenyewe alisema hajawahi kufanya kazi hiyo maishani mwake. Mkono ulijua, ulimi haukujua.

Hapo pana somo kubwa kwa yeyote anayekusanya maarifa ya wazee. Maarifa ya mikono hukaa mahali pengine, na mara nyingi hayaitiki kwa maneno. Muulize mvuvi mkongwe akueleze, mukiwa mumeketi sebuleni, jinsi ya kutia viraka kwenye wavu, atababaika. Mpe wavu uliochanika na mwiko wa kushonea, utaona vidole vikianza vyenyewe, na nyuma ya vidole maneno yatafuata.

Na kumbukumbu yenyewe imeandikwa kwa nini? Kwa umeme na kemikali, kwenye viungio. Ubongo una mabilioni ya seli za neva, na kati ya seli na jirani yake pana mwanya mdogo sana uitwao sinapsi. Seli moja ikitaka kusema na nyingine humwaga kemikali kwenye mwanya huo. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi yao kwa sungura huko Oslo, walitoa ripoti kwamba njia ikipitishwa umeme kwa nguvu, hubaki imeimarika kwa saa nyingi, kiasi kwamba ishara ndogo baadaye huleta jibu kubwa. Eric Kandel, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000, alitumia konokono wa baharini asiye na gamba, mnyama mwenye neva chache na nene, akaonyesha kwamba funzo la muda mfupi hubadilisha tu kemikali, ilhali funzo la kudumu hulazimu seli kutengeneza protini mpya na kuotesha viungio vipya. Kwa maneno mengine, ukijua kitu kwa kudumu, ubongo wako umebadilika umbo, kidogo sana, lakini umebadilika.

Kazi hiyo ya ujenzi huhitaji muda, usingizi na mwili wenye afya. Nitaje hapa jambo moja linaloziunganisha pwani hizi mbili, ya chumvi na ya maji baridi, nalo ni malaria. Watafiti wa Kilifi wamewafuatilia kwa miaka watoto walionusurika na malaria iliyopanda kichwani, wakakuta baadhi yao wamebaki na upungufu katika usemi, umakini na kumbukumbu. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kabisa nchini Kenya. Chandarua ni kifaa cha shule pia, ingawa hatukihesabu hivyo.

Sasa tuje kwenye kutoa, maana ndiko tunakokosea.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alitoa mwaka 1932 kitabu kilichobadilisha fikra za wengi. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, akawauliza tena baada ya muda. Walichorudisha hakikuwa hadithi ile. Mtumbwi uligeuka mashua, mambo ya mizimu yalipunguzwa au kuelezwa upya, na kilichowatatiza kilinyooshwa kikafanana na mambo ya kwao. Bartlett akasema kukumbuka ni kujenga upya kwa vipande vilivyopo. Hatuchezi kanda iliyorekodiwa. Kila ukisimulia, wajenga.

Kitabu hicho hicho kina kisa cha Afrika ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Huko Swaziland, Eswatini ya leo, Bartlett alikutana na mchungaji wa ng'ombe ambaye mwaka mmoja nyuma alihudhuria bwana wake akinunua ng'ombe kadhaa. Mchungaji hakuwa na karatasi. Aliketi chini akataja ng'ombe mmoja mmoja: rangi yake, alama zake, alinunuliwa kwa nani, kwa bei gani. Walipolinganisha na daftari la mwenye mali, makosa yalikuwa madogo sana. Wazungu wa hapo walidhani ni kipaji cha ajabu cha Waafrika. Bartlett akakataa. Kwa watu wale, alisema, ng'ombe ni jambo lenye uzito, na kila mmoja ana sura yake kama jirani. Ukimpa mtu huyo huyo kazi isiyomhusu, atasahau kama sisi sote. Naliona jibu hilo kuwa la heshima kuliko sifa walizompa. Mtu hukumbuka vizuri pale ambapo maisha yake yamejishikiza.

Basi ikiwa kukumbuka ni kujenga, ni nini kinachoanzisha ujenzi? Ni ufunguo: harufu, sauti, mahali, neno, mwendo wa mwili. Ufunguo ukifanana na hali iliyokuwapo wakati wa kuhifadhi, mlango hufunguka kwa urahisi. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi wa Scotland orodha ya maneno, mengine wayajifunze chini ya maji na mengine nchi kavu. Waliojifunzia majini walikumbuka zaidi wakiwa majini, na wa nchi kavu wakiwa nchi kavu. Niwe mkweli kwamba jaribio hilo liliporudiwa hivi karibuni halikuleta tofauti kama ile, kwa hivyo mtu asidhani mahali peke yake ni dawa. Lakini kwamba hali na vidokezo huvuta kumbukumbu, hilo limeonekana kwa njia nyingi.

Na katika funguo zote, lugha ni ya ajabu. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliozaliwa nchi za Kirusi wakahamia Marekani. Walitajiwa neno moja moja na kuombwa wasimulie tukio lolote linalowajia. Walipoulizwa kwa Kirusi, yalikuja zaidi matukio ya utotoni kule kwao. Walipoulizwa kwa Kiingereza, yalikuja zaidi ya Marekani. Mtu ni yule yule, kichwa ni kile kile, lakini lugha ya swali ndiyo iliyoamua afungue chumba kipi.

Sasa rudi Mfangano. Mzee aliyelelewa na bibi yake kwa Kisuba, kisha akaenda shule kwa Dholuo, ukimuuliza kwa Kiswahili au Kiingereza akutajie sehemu za mtumbwi, waenda kubisha mlango wa chumba ambacho mtumbwi haumo. Ule mtumbwi ulihifadhiwa pamoja na Kisuba, asubuhi, maji yakipiga ubavuni, babake akimkaripia ashike kasia sawasawa. Atakupa neno la Dholuo kwa sababu ndilo lililotumika jana na juzi sokoni, na neno linalotumika kila siku hulifunika lile lisilotumika. Ubongo hauna nia mbaya. Njia iliyopitwa sana ndiyo pana.

Je, maneno yaliyokaa miaka hamsini bila kutamkwa yaweza kuwa hai bado? Harry Bahrick aliwapima Wamarekani zaidi ya 700 waliosoma Kihispania shuleni, wengine wakiwa wameliacha somo hilo miaka 50 nyuma. Alipochapisha matokeo mwaka 1984 ilionekana kwamba walipoteza mengi katika miaka michache ya mwanzo, kisha kupotea kukasimama. Kilichovuka miaka hiyo kilikaa miongo kwa miongo, hasa kwa wale walioisoma kwa kina. Na hao ni watu wa darasani, si waliobembelezwa kwa lugha hiyo. Kuna pia ushahidi wa watoto wa Korea waliochukuliwa kulelewa Uholanzi wakiwa wadogo sana. Walipokuwa watu wazima hawakujua hata neno moja la Kikorea. Hata hivyo, watafiti walipowafundisha sauti za lugha hiyo, matokeo yakichapishwa mwaka 2017, walizishika upesi kuliko Waholanzi wenzao. Kitu kilikuwa kimebaki, ingawa wenyewe hawakukijua.

Hiyo ni habari kubwa kwa kijana wa Mfangano au Rusinga anayesema, "Mimi Kisuba sijui, nilimsikia tu bibi." Kule kusikia kwaweza kuwa kumeacha njia. Kisiwani pana redio ya jamii, EK FM ya kituo cha Ekialo Kiona, ambayo imekuwa ikirusha matangazo kwa Kisuba, na pana makumbusho ya amani ya jamii ya Abasuba. Mtu aweza kuiona redio kama mapambo ya utamaduni. Kwa jinsi ubongo unavyofanya kazi, sauti ya Kisuba ikipita jikoni kila jioni inagawa funguo kwa maelfu ya watu ambao walidhani hawana mlango.

Lakini njia ya kuuliza ina hatari zake, na hapa wakusanyaji wetu wa bara na pwani wahitaji kuwa waangalifu. Kwa kuwa kukumbuka ni kujenga, muulizaji anaweza kuingiza tofali lake bila kujua. Elizabeth Loftus, mwaka 1974, aliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana, kisha akawauliza mwendo wa magari hayo. Alibadilisha kitenzi tu. Waliosikia neno zito, la kubamizana, walikadiria mwendo mkubwa zaidi kuliko waliosikia neno jepesi, na wiki moja baadaye wengi wao zaidi walisema waliona vioo vimevunjika. Hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Kwa hivyo usimwambie mzee, "Huu si ndio ule mti mliokuwa mkiuita hivi?" Akikubali kwa adabu, kesho atakuwa analikumbuka jina lako kama lake, na kwa dhati ya moyo wake hatakuwa anakudanganya. Muulize, "Huu munauitaje?" kisha nyamaza. Nyamaza kweli kweli. Kuna hali ambayo sote twaijua, neno laja, laja, halifiki. Mzee akiwa katika hali hiyo, ukimtupia neno lingine linalofanana utalisukuma lile lake mbali zaidi.

Muulize kwa lugha aliyojifunzia jambo lenyewe. Kama huijui, mpeleke mzee mwenzake anayeijua, wazungumze wao kwa wao, nawe ushike kinasa sauti. Ila baadaye umsikilize kila mmoja peke yake pia, kwa sababu wawili wakikumbuka pamoja mwenye sauti kubwa humfuta mwenziwe. Muulize kazini: kwenye dagaa zinazoanikwa, ambazo kule huziita omena, kwenye ngege na mbuta zinazopasuliwa ufukweni. Na hapa ujue kikomo: mbuta aliletwa ziwani katika karne iliyopita tu, kwa hivyo usitarajie bibi awe na jina la kale la samaki ambaye bibi yake hakumwona.

Pia tutenganishe uzee na ugonjwa. Kuchelewa kupata jina la mtu ni jambo la kawaida la umri. Mtu akipotea njia ya nyumbani kwake, akiuliza swali moja mara tano kwa saa moja, au akasahau kijiko ni cha nini, huyo apelekwe hospitali, asifanyiwe mzaha wala asitafutiwe mchawi. Hata hivyo hata kwa wenye maradhi ya kusahau, madaktari wameona mara nyingi kwamba mambo ya zamani ndiyo ya mwisho kuondoka, na wapo wazee waliohama lugha ambao hurudi kwenye lugha ya utotoni. Wajukuu huogopa, hudhani amechanganyikiwa, kumbe asema na mamake.

Kwetu pwani tuna kielelezo chetu cha kazi kama hii. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa ajili ya W. E. Taylor, mmishonari aliyekuwa Mombasa, na ndiyo sababu leo tunayasoma. Yalikuwa yamekaa nusu karne vichwani, na hayakukaa kwa bahati. Mizani na vina ni funguo zilizoshonwa ndani ya maneno yenyewe. Ukisahau neno la mwisho wa mstari, kina chakuambia lazima liishie vipi, mizani yakuambia liwe la silabi ngapi, na kati ya maneno yote ya Kiswahili hubaki machache tu ya kuchagua. Ndiyo maana mtu asiyeweza kukumbuka alichokula juzi aweza kukughania utenzi mrefu bila kujikwaa. Nadhani nyimbo za makasia za Wasuba na mafumbo ya watoto wao zitafutwe kabla ya orodha ya majina ya miti, kwa sababu wimbo huja na ufunguo wake mkononi.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao wakusanyaji wetu wangeufuata wangeokoa mengi. Mwaka 1913 P. B. Ballard, mkaguzi wa shule za London, aliandika kwamba aliwapa watoto shairi wajifunze, akawapima papo hapo, kisha akawapima tena baada ya siku kadhaa bila kuwaonya. Watoto wengi walileta mistari ambayo siku ya kwanza haikuwajia kabisa. Wengine baada yake wamelithibitisha: kuulizwa mara ya kwanza kwaamsha kitu, na kitu hicho huendelea kujitafuta kikiwa peke yake. Kwa hivyo jioni mzee akikuambia yaliyobaki hayamo tena, zima simu, kunyweni chai, muage kwa heshima, kisha urudi keshokutwa asubuhi na swali lile lile.